Saa ya Pembe Nane ya Baba Mkwe

Ng'ombe walikuwa wamekubaliwa. Nasema hilo mwanzo kabisa, asije mtu akadhani nilishindwa na ng'ombe. Wazee wa pande zote mbili walikaa Mwandoya kutwa nzima, wakabishana juu ya mitamba na madume, wakatoka kwenda kunong'onezana nyuma ya zizi, wakarudi, wakapeana mikono. Kilichobaki kilikuwa kidogo tu, kile ambacho kwetu hutolewa juu ya ng'ombe kwa heshima ya wazazi: blanketi la mama na koti la baba. Blanketi nilikuwa nalo. Koti nilikuwa nalo pia, zito, la mtumba lakini lenye vifungo vyake vyote. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, alilitoa kwenye mfuko wa safari na kulikung'uta mbele ya watu. Baba mkwe akalitazama, akasema koti analo. Anachotaka yeye ni saa.

Na si saa yoyote. Alitaka saa kama ya mnunuzi.

Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa wanunuzi binafsi wa pamba. Kabla ya hapo pamba ilinunuliwa na ushirika peke yake, na karani wa ushirika alivaa saa ya kawaida au hakuvaa kabisa. Sasa akaja mtu kutoka Mwanza na lori lake na mzani wake, na mkononi ana saa ya rangi ya dhahabu. Saa hiyo haikuwa ya duara kama saa za watu. Ilikuwa na pembe nane, na kwenye kila pembe skrubu moja, kama kifuniko cha injini. Baba mkwe alipeleka pamba yake, akasimama mbele ya mzani, na badala ya kuangalia mzani kama mtu mwenye akili, akaangalia mkono. Karani wa yule mnunuzi akamwambia kuwa saa ile imetoka Uswisi na kwamba thamani yake ni zizi zima la ng'ombe. Mzee akarudi nyumbani na jambo moja tu kichwani: binti yake anaolewa na fundi saa.

"Kama ni fundi," alimwambia mjomba, "atashindwaje?"

Mjomba, badala ya kunitetea, akajibu kuwa sitashindwa. Ndivyo alivyo. Kazi ya mshenga ni kupunguza mzigo, lakini wangu alikuwa anauongeza kwa niaba yangu na kurudi Bariadi akitabasamu.

Ni kweli nilikuwa fundi saa. Nilikaa kwenye baraza la duka la vitambaa pale mjini, na meza yenye kisanduku cha kioo ambamo saa za watu zililala zikisubiri wenyewe. Ilikuwa kazi ya heshima mpaka ilipokuja ruksa ya biashara huria. Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa, na kimojawapo kilikuwa saa za plastiki za kuwaka taa, zilizomwagwa kwenye turubai siku ya mnada kama dagaa. Bei yake haikumshinda hata mchunga mbuzi. Ikifa unatupa, unanunua nyingine ya rangi tofauti. Watu waliacha kuniletea saa zao za kujazwa kwa mkono, na wachache walioleta hawakurudi kuzichukua. Hata king'ora cha kiwanda cha kuchambua pamba, ambacho mji mzima ulikuwa unakiamkia, kilinyamaza, kwa sababu pamba sasa ilipakiwa kwenye malori ya watu binafsi na kupelekwa kwingine. Kwa hiyo muda nilikuwa nao.

Mwenye duka, mzee mmoja Mwislamu kutoka Tabora aliyenipa baraza lake bila kodi, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akatoa ushauri wake.

"Mnunulie ya plastiki, kijana wangu. Umchoree pembe."

Nilimwambia kuwa baba mkwe si mtoto. Akasema anayedai saa ya mamilionea kwa fundi wa barazani hana tofauti kubwa na mtoto. Nilikasirika, nikarudi mezani kwangu.

Mashine haikunisumbua. Nilikuwa na saa moja ya kujaza, ya zamani, iliyoachwa na mwenyewe alipohama mji, na moyo wake ulikuwa mzima kabisa. Kilichonitia wazimu ni kasha. Nilipata kwanza nati kubwa ya shaba kwenye vyuma chakavu, nzuri, nzito, ya rangi ile ile ya dhahabu. Ilikuwa na pembe sita. Nikajipa moyo kwamba mzee hatatambua tofauti ya sita na nane. Nilikwisha kuitoboa katikati mjomba alipopita na kuniuliza naota nini.

"Mtu yule anahesabu ng'ombe wake wakiwa wanakimbia," alisema. "Unadhani hatahesabu pembe zilizotulia?"

Basi nikatupa nati, nikatafuta bushi ya shaba iliyo duara, na nikaanza kupiga tupa. Nilizungushia uzi, nikaukunja mara tatu, nikapata alama zangu nane. Alama zilikuwa sawa. Mikono ndiyo haikuwa sawa. Kila niliponyoosha upande mmoja, wa jirani yake ulionekana umepinda, na nikiugusa wa jirani, ule wa kwanza unakuwa mfupi. Nilipiga tupa wiki tatu. Bushi ilianza ikiwa ya mkono wa mnunuzi na nusura iishie kuwa ya mkono wa mtoto mchanga. Unga wa shaba uliingia kwenye kucha, kwenye ugali, kwenye mto wa kulalia. Mama yangu alisema akinikumbatia ananusa bomba.

Skrubu nane zinazofanana hazikupatikana Bariadi nzima. Nilipata tatu kwenye miwani iliyovunjika, mbili kwenye redio, nyingine kwenye saa zilizokufa, nikazikata vichwa na kuvigandisha kwenye pembe, kwa sababu hazikuwa na kazi yoyote isipokuwa kuonekana. Za mnunuzi mikato yake ilielekea upande mmoja kama ng'ombe wanaokunywa maji. Zangu kila moja ilitazama kwao. Nikang'oa, nikagandisha upya. Nikang'oa tena. Mkanda nilikata kwenye ngozi ya ng'ombe, nikashonewa na fundi viatu, na kasha nikalisugua kwa majivu na ndimu mpaka likang'aa.

Hapo ndipo watu walipoanza kuja. Wauza nyanya, makondakta, mwalimu mmoja wa hesabu, wote walikuja kushika saa yangu na kutikisa kichwa. Mwenye duka aliyenishauri ya plastiki akaanza kuwaambia wateja kuwa yeye ndiye aliyenipa wazo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa siku nne mfululizo. Ilikuwa imebaki sehemu moja tu, uso wa saa, kile kibati chenye namba. Mtu mwenye busara angeandika namba kama za saa zote duniani na kwenda kuoa.

Mimi nikafikiri.

Nilifikiri hivi. Jua likiwa utosini sisi tunasema ni saa sita. Tukitazama saa, mshale mfupi uko juu kabisa, kwenye kumi na mbili. Tunaona kumi na mbili, tunasema sita. Maisha yetu yote tunaangalia namba moja na kutamka nyingine iliyo mkabala wake, na hakuna anayelalamika. Kwa nini mzee wa watu, ambaye hajawahi kumiliki saa, aanze kuvaa kitu cha kukipindua kichwani kila anapokitazama? Nitamwandikia saa inayosema kama tunavyosema. Nikakata kibati kwenye kopo la maziwa, nikakipaka rangi nyeupe ya kucha, na kwa ncha ya sindano na wino mweusi nikaandika. Juu kabisa, sita. Chini kabisa, kumi na mbili. Kushoto tatu, kulia tisa. Jua linachomoza, mshale uko chini, kumi na mbili. Ng'ombe wanapelekwa majini, mshale uko kushoto, tatu. Nilipomaliza nilikaa nikiitazama kama mtu aliyegundua kisima.

Nilimwonyesha mama. Aliigeuza, akaigeuza tena.

"Nani amekutuma?" aliuliza.

Nilipaswa kumsikiliza hapo. Nikaona ni mambo ya wanawake ambao hawajui ufundi.

Tulikwenda Mwandoya juu ya lori la pamba, mimi na mjomba, saa ikiwa imefungwa kwenye leso ndani ya mfuko wa shati langu. Wazee walikuwa wamekaa tayari uani. Katekista wa kigango alikuwapo pia, kwa sababu katika ua ule hakuna jambo lililofanyika bila yeye kulithibitisha. Tulisalimiana, mwangaluka, mwangaluka, tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe, za pamba. Kisha mjomba akafungua leso.

Nitakuwa mkweli: kulikuwa na kimya, na kimya kile kilinilipa wiki zote tatu za tupa. Baba mkwe alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Aliishika saa, akapitisha ukucha wake kwenye pembe, moja baada ya nyingine, midomo ikitikisika.

"Nane," alisema.

Mjomba akanikanyaga mguu kwa furaha.

Mzee akaivaa, akanyoosha mkono, akaniamuru nimwonyeshe inavyosema. Nikachuchumaa mbele yake kwa adabu, nikachukua jani la mtama, nikamwonyesha. Huu mshale mfupi ndio unaotaja saa, baba. Ukiwa chini hapa, ni kumi na mbili, jua linatoka. Ukifika kushoto, ni tatu. Huu mrefu, ukiwa juu kabisa, saa imetimia. Ukiwa chini kabisa, ni nusu. Nilieleza kwa muda mrefu, nikarudia. Yeye alikuwa anatazama juu ya bega langu, kule ng'ombe walikokuwa. Nikaona nampigia mbuzi gitaa. Nilikasirika kidogo, nikanyamaza.

Katekista hakunyamaza. Aliukamata mkono wa mzee kama mali yake, akasogeza uso karibu. Ilikuwa adhuhuri, kuku wamejificha kivulini.

"Inasema saa kumi na mbili," alitangaza.

Watu wakatazama jua.

"Inasema sita," nilisema.

"Mshale uko kwenye sita. Sita ni kumi na mbili."

"Sita ni sita."

"Tangu lini?"

Watu wakacheka. Nikaeleza. Nikaeleza vizuri, kwa utaratibu, kama ninavyoeleza hapa, kwamba hakuna haja ya kupindua, namba ni ile ile unayoiona. Kila mtu mle uani alikuwa mtu mwenye akili, na kila mmoja aliinama, akaona sita, na mdomo wake ukasema kumi na mbili. Wengine walijaribu mara mbili. Mazoea yana taabu. Mjomba wangu mwenyewe, mshenga wangu, aliinama akainuka na kusema, "Kumi na mbili kasoro." Nusura nimpige.

Ndipo katekista akanimaliza. Akauliza: "Na dakika?" Kila anayejua saa anajua kuwa mshale mrefu ukiwa kwenye sita ni nusu. Kwenye saa yangu sita ilikuwa juu, na juu ni kamili. Kwa hiyo kila saa ikitimia, msomi anaona nusu. Na kila ikiwa nusu, msomi anaona imetimia. Hilo sikulifikiria. Kufikiri kote kule, na mshale mrefu sikuufikiria hata kidogo. Nilisema dakika zinajulikana kwa mahali mshale ulipo, si kwa namba. Akasema basi namba za nini.

Wazee walikwenda nyuma ya zizi. Waliporudi, baba mkwe ndiye aliyesema.

"Nimeipokea. Lakini hiki ni kitu kinachotembea, kina moyo ndani, nasikia unadunda. Tutakifanya kama ng'ombe."

Lazima nieleze hapa. Katika ukoo ule ng'ombe wa mahari hapokelewi tu akaisha. Anakaa zizini akitazamwa. Akifa kabla ya mvua ya kwanza, mkwe anarudishiwa ngozi, kuthibitisha kwamba hakuuzwa wala kuliwa kwa siri, na analeta mwingine. Mvua ya kwanza ikimkuta hai, basi amekuwa wa pale. Hata akifa kesho yake, hata mwenye kumleta akimlilia, hatoki tena zizini. Na binti haondoki nyumbani mpaka hapo. Ndivyo saa yangu ilivyoingizwa kwenye sheria ya ng'ombe, na mjomba akaitikia kwa kichwa kana kwamba ni jambo la kawaida duniani.

Ilikufa baada ya wiki mbili.

Mjomba aliileta barazani imefungwa kwenye leso ile ile. "Ngozi," alisema, akaiweka mezani, na mwenye duka akalazimika kuingia ndani kwenda kucheka. Kile kitufe cha kujazia kilikuwa kimekatika. Hakikukatika chenyewe. Katekista, kila alipopita, aliusogeza mshale nusu duara ili saa "iseme kweli". Akija jirani aliyekwisha kuelezwa, anairudisha. Akija mgeni, anaipeleka tena. Mkono wa mzee ulikuwa umekuwa bomba la kijiji, kila mtu anafungua na kufunga.

"Wanasema namba zako zinasumbua," alisema mjomba.

"Nani wanasema?"

"Wanasema tu. Watu wa kule."

"Baba mkwe amesema?"

"Amesema imekufa."

Nikaweka kitufe kingine, nikaipeleka. Namba sikuzigusa. Namba zilikuwa sahihi, na mimi siwezi kufuta kitu sahihi kwa sababu katekista hajui kusoma kilichoandikwa. Hayo nilimwambia mjomba, nikamwambia mwenye duka, nikamwambia muuza nyanya ambaye hakuwa ameuliza.

Mara ya pili ilirudi ikinuka dawa ya kupe. Mzee alikuwa ameingia nayo joshoni. Aliwaogesha ng'ombe wake kutwa nzima na mkono wake ndani ya dawa, na saa ya pembe nane ikaoga pamoja nao. Nilipofungua kasha lilitoka tone la maji meusi. Nilisema maneno siku ile ambayo sikuyaungama mpaka Pasaka. Niliifungua mashine yote, nikaisafisha kwa mafuta ya taa, gurudumu kwa gurudumu, nikitukana kila gurudumu kwa jina lake. Mjomba alikaa pembeni akila karanga.

"Wanasema—" alianza.

"Usiseme wanasema!"

Akaendelea na karanga.

Siku ya mnada iliyofuata, yeye mwenyewe alikuja. Mchumba wangu. Alikuwa amefuatana na shangazi yake kuleta mchele sokoni, na akamwacha shangazi kwenye mizani, akaja kusimama mbele ya meza yangu akiangalia kisanduku cha kioo kama mteja. Tulikuwa hatujaonana tangu ng'ombe wakubaliwe. Nilitaka kumwambia mambo mengi mazuri. Hakunipa nafasi.

"Karani wa mnunuzi amekuja nyumbani mara tatu," alisema.

"Kufanya nini?"

"Kumsalimia baba."

"Baba anasemaje?"

"Baba hasemi kitu. Ilipokuwa kwake alikuwa anakwenda mwenyewe na ng'ombe, akiitazama saa yako kutwa. Ndiyo maana hata joshoni aliingia nayo. Lakini mama anasema, katekista anasema, kila mtu anasema: fundi aliyeshindwa kuandika saa ataweza nini?"

"Sikushindwa. Zile namba ni sahihi."

"Ni sahihi. Nani amekukatalia?" Aliinama akanitazama machoni, jambo ambalo wasichana wa kwao hawalifanyi sokoni. "Mvua iko karibu. Ikifa tena tunaanza upya, na mimi sikai mwaka mwingine nikisubiri saa. Unataka kuoa, au unataka kuwafundisha watu saa?"

Kisha akaenda zake kwenye mchele.

Nilikuwa na hasira na katekista, na karani, na mjomba, na mwenye duka, na saa za plastiki, na mnunuzi aliyekuja na mkono wake kutoka Mwanza kuwatia watu tamaa. Hasira ile ilitaka kitu cha kushika, ikashika wembe. Niliutoa uso wa saa, nikaukwangua mpaka bati likaonekana. Nikaupaka rangi upya, na ulipokauka nikaandika kumi na mbili juu, sita chini, tatu kulia, tisa kushoto. Ilinichukua muda mfupi sana. Mwenye duka alipita, akaangalia, akasema sasa ni saa.

Tulifika Mwandoya mawingu yakiwa mazito upande wa ziwa. Uani walikuwa wale wale, na katekista kwenye kiti kile kile. Mjomba akafungua leso. Safari hii katekista ndiye aliyeipokea kwanza. Akatazama, akatabasamu, akaipitisha kwa wengine, na kila mmoja akasema, "Saa tisa na robo," "Saa tisa na robo," wakifurahi kama watoto waliopewa swali rahisi. Baba mkwe akaivaa bila kuitazama. Akaishusha mikono magotini.

Tukiwa bado tunazungumza, upepo ukageuka, na matone makubwa yakaanza kupiga vumbi. Wanawake wakapiga vigelegele, maana mvua ya kwanza ni mvua ya kwanza, hata kama hakuna harusi. Sisi tukahamia barazani. Mzee mmoja akashika mkono wa baba mkwe, akatega sikio kwenye saa, akainua kidole: inadunda. Mjomba akanikanyaga mguu tena. Imekwisha. Nilikuwa nimeoa.

Ndipo baba mkwe alipoinua mkono kuitazama. Aliitazama muda mrefu. Akaigeuza kidogo kushoto, akaigeuza kulia. Kisha akaniita kwa kidole, nikaenda, nikachuchumaa palepale kama siku ile ya kwanza.

"Ng'wanawane," alisema kwa sauti ya chini, akiniita mwanangu kwa mara ya kwanza. "Uso ule uko wapi?"

"Upi, baba?"

"Ule ulioniandikia."

Nikamwambia nimesikia namba zinasumbua.

"Nani alisema?"

"Wanasema..." Nikajisikia nikilitamka neno lile.

"Mimi nilisema saa imekufa. Basi." Akaitazama tena. "Shule sikwenda. Saa ya katekista siijui, ya karani siijui. Ile niliijua. Chini kumi na mbili, ng'ombe watoke. Kushoto tatu, wafike majini. Nilikuwa naisoma kule machungani peke yangu, nisije nikakosea wakanicheka. Nilitaka siku ya harusi waniulize saa. Katekista aniulize, mimi nimjibu."

Nikasema nitaiandika upya. Nikasema anipe sasa hivi, niende nayo, kesho kutwa nitairudisha na uso wake, kazi ya saa moja tu, rangi ninayo, wino ninao. Nikanyoosha mkono kuufungua mkanda.

Alivuta mkono wake.

"Mvua imekwisha kunyesha," alisema. "Haitoki."

Nilimbembeleza. Mjomba alimbembeleza, tena safari hii kwa bidii. Wazee wakasema sheria ni sheria. Wakifanya hivyo kwa saa, kesho mtu atadai ng'ombe wake arudi zizini kwake kupumzika. Katekista, ambaye hakusikia yaliyotangulia, aliunga mkono kwa nguvu zote. Nilitamani kumtupa nje kwenye mvua.

Tulifunga ndoa Bariadi wiki mbili baadaye, na baba mkwe alikuja amevaa koti lake mwenyewe, mkono wa kushoto umekunjwa ili pembe nane zionekane. Watu walimsifu sana. Mimi niliandika uso mwingine wa sita juu na kumi na mbili chini, nikauweka kwenye kikopo cha dawa ya meno, nikasubiri saa ile ife ili nipate kisingizio cha kuifungua, hata kwa siri. Haikufa. Nimetengeneza saa nyingi za watu zilizokufa ndani ya mwezi, na hiyo, niliyoiombea mabaya, ikatembea miaka kumi na mmoja bila kukosa hata siku moja. Yeye aliijaza kila asubuhi kabla ya kuwafungulia ng'ombe. Na mtu akimwuliza saa ngapi, alikuwa hatazami. Alinyoosha mkono tu, akamwachia mwulizaji asome mwenyewe.